Maharagwe ya pilipili niliyompikia Mama Mwende

Mara yangu ya kwanza kupika, nilikuwa tayari baba wa watoto watatu.

Leo nimebandika maharagwe na nyama, nikakumbuka mtaa wa Dandora, Nairobi, miaka ya themanini. Mke wangu alikuwa ameugua malaria na chakula kilimshinda kabisa.

Nikawasha jiko nje, nikabandika maharagwe na kuyajaza pilipili. Jirani yetu, Mama Atieno, akacheka.

"Baba Mwende, hiyo pilipili yote itamuua mgonjwa."

"Nitapika mpaka ale," nikamwambia.

Sufuria ya kwanza iliungua. Nikaisugua, nikaanza upya, machozi yakinitiririka kwa moshi.

Mke wangu akaonja.

"Pilipili imezidi," akasema, jasho likimtoka.

Nikanyoosha mkono nichukue sahani. Akaivuta kwake.

"Acha. Sijamaliza."

Na wewe, ulimpikia nani mara ya kwanza?