Kitabu cha wageni kilisema walifika, daftari la geti la mbung'o likakataa: yaliyonikuta Sikonge enzi za vijiji vya ujamaa

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Miaka yote nakaa nyuma nacheka na michango yenu. Leo nimeshindwa kunyamaza. Haya yalinipata mwenyewe, na mengine yananiaibisha, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Kilichonichokoza ni uzi wa jana wa yule mdau aliyeweka picha za semina. Eti watunga sera wameshirikishwa kwenye utafiti wa afya, na ushahidi ni karatasi ya mahudhurio iliyojaa sahihi. Mkampongeza sana.

Mimi nikiona karatasi ya mahudhurio siamini kitu. Naanza kwa kutazama wino.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi ni mtoto wa Tabora mjini, Gongoni, baba yangu fundi cherehani. Nilikuwa nimemaliza shule, nina mwandiko mzuri, na nilikuwa najiona msomi kweli kweli. Nikapata kazi ya ukarani kwenye mradi wa utafiti wa malale. Jina la mradi naliacha.

Kwa vijana ambao hamjui, malale ni ugonjwa wa usingizi, unaletwa na mbung'o. Na misitu ya miyombo ya kule Sikonge ilikuwa nyumbani kwa mbung'o hasa.

Bosi wetu alikuwa Dakta Ngassa. Mcheshi, mkarimu, anapenda kusikilizwa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mbung'o kwenye sehemu mbili zilizopendekezwa kujengwa kijiji kipya. Moja ilikuwa bondeni, karibu na mto, udongo mzuri, maji hapo hapo. Ya pili ilikuwa juu, kukavu, maji unayafuata mbali.

Majibu yalikuwa wazi. Bondeni mbung'o walikuwa wengi ajabu. Kule juu, wa kutafuta.

Lakini mwenye kuamua si Dakta, ni viongozi. Ndiyo maana mradi ulikuwa na mpango wa kuwashirikisha: waje kambini msituni, wajionee mitego, waulize, ili siku ya kuamua wawe wanajua wanachoamua. Mpango mzuri tu, hata leo siulaumu.

Mimi nikapewa kazi ya kupima kama wameshirikishwa kweli. Nilikuwa na vitu viwili: kitabu cha wageni cha kambini, na fomu ya maswali ya kumpelekea kila kiongozi ofisini kwake.

Sasa nieleweni kwa nini jambo hili halikuwa la makaratasi tu kwangu. Shangazi yangu Zuhura, dada yake baba, alikuwa ameolewa kule kule, mumewe mrina asali. Kaya yao ilikuwa kwenye orodha ya wanaohamishwa. Utotoni nilikuwa nakaa kwake likizo nzima, narudi mjini nimenenepa kwa asali na karanga. Popote ambapo kijiji kingewekwa, ndipo shangazi angelala.

Nikafungua kitabu cha wageni alichoniletea Dakta kutoka kambini. Viongozi wote wamesaini. "Nimejionea, kazi safi." "Endeleeni na moyo huo huo." Raha tupu.

Wote isipokuwa mmoja. Bwana Mihambo, Katibu Tarafa.

Hapo nikaanza kumshuku. Mtu huyu mfupi, mkimya, hacheki, akikuangalia unahisi kama umeiba kitu. Nikasikia ana ndugu wenye mashamba bondeni. Sikuuliza ni ndugu gani. Niliunganisha mwenyewe kichwani kwamba anataka kijiji kiwekwe kule ndugu zake wanufaike, na nikaridhika.

Nikamfuata ofisini kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Nikampa fomu. Akaisoma yote, polepole, mbele na nyuma. Akanirudishia bila kuandika neno.

"Wewe kijana, umefika bondeni?"

"Hapana mzee, mimi kazi yangu iko mjini."

"Hujafika. Sasa unampima nani aliyefika?"

Nilitoka pale nimevimba. Nikaona huyu ana kiburi, na ana analolificha. Nikaandika kwenye ripoti kwa mwandiko wangu mzuri: Bwana Mihambo hakushiriki, na anaelekea kuupinga utafiti.

Dakta akaisoma ripoti, akasita kidogo kwenye mstari ule, kisha akasaini. Kule kusita nimekuja kukuelewa baadaye.

Siku ya kikao cha uamuzi nilikuwepo, nimekaa pembeni naandika. Mihambo akasimama, akasema bondeni hapafai, watu watakufa. Akaanza kueleza mbung'o wanauma saa ngapi, akina mama wanapoteka maji ndipo wanapoumwa zaidi.

Mjumbe mmoja akainua ripoti yangu juu. "Mwenzetu hata hakufika, imeandikwa hapa. Sisi tuliofika tumejionea. Bonde lina maji, na barabara iko jirani."

Wakachagua bonde.

Nikamtazama Dakta. Alikuwa na hesabu zote kwenye mkoba, miguuni pake. Alipoulizwa akasema kwa sauti ndogo kwamba bonde lina mbung'o, ila likifyekwa vizuri wanaweza kupungua. Kisha akakaa.

Wakuu, nilirudi nyumbani kichwa kinagonga. Mtu aliyejionea mbung'o wanamzonga usoni, anawezaje kupeleka watoto wa wenzake pale pale? Ama ni katili, ama hakujionea.

Wiki iliyofuata nikaenda kumsaidia shangazi kufunga vyombo. Njia ya kambini na kwa shangazi ilikuwa moja tu, na ilikuwa na geti la mbung'o. Ukitoka msituni lazima usimame. Gari, baiskeli, hata mwenye miguu. Wafanyakazi wanakuzunguka na nyavu ndogo, wanakamata mbung'o waliokung'ang'ania usiwapeleke mjini. Kisha wanaandika kwenye daftari: nani, kwa chombo gani, mbung'o wangapi. Hawaruki mtu.

Mkuu wa geti alikuwa Mzee Kapaya, Mnyamwezi wa makamo, anajivunia daftari lake kama mwingine anavyojivunia ng'ombe.

Nikamsalimia, nikamwomba nilione. Akanipa bila wasiwasi.

Nikatafuta siku moja moja, zile zile za kwenye kitabu cha wageni. Landrova ya boma hakuna. Gari la Chama hakuna. Lililopita ni gari la mradi peke yake, na ndani yake ni Dakta na dereva.

"Mzee, viongozi walipita lini hapa?"

Akacheka. "Viongozi gani? Alikuja mmoja tu, yule wa baiskeli. Huyo alikuja mpaka nikamzoea."

Akanionyesha. Mihambo, baiskeli, mbung'o wawili. Mihambo, baiskeli, mbung'o watano. Mihambo, kwa miguu, anasukuma baiskeli, pancha, mbung'o tisa.

Nililiinamia lile daftari mpaka Mzee Kapaya akaniuliza kama naumwa.

Kwa shangazi nikauliza kama wamewahi kumwona Katibu Tarafa. Shangazi akasema, "Bwana Mihambo? Mbona ndiye peke yake aliyetuuliza! Alikaa hapo kwenye kigoda, akaniuliza nikishuka bondeni nateka maji saa ngapi na mbung'o wananiuma wapi. Kambini kwenu hakupita. Alisema anataka kusikia kwa wenye ngozi."

Nikarudi mjini moja kwa moja kwa Dakta. Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Wakubwa wale wangekuja lini msituni?" akasema. "Niliwapelekea kitabu bomani, wakasaini wote kwa kalamu yangu moja tukinywa chai. Wanaosoma ripoti wanataka kuona sahihi. Wewe unadhani wenzetu wanafanyaje?"

"Lakini kwenye kikao ungesema."

"Ningesemaje? Kwamba hawajui bonde, wakati nimeandika walijionea?"

Hapo ndipo nilipoona alivyojifunga mwenyewe. Hesabu za mbung'o zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa kwenye kitabu tu, na ule uongo mdogo ukamziba mdomo siku aliyotakiwa kusema ukweli mkubwa.

Nami je? Wakuu, hapa ndipo pananiuma. Nilikuwa naweza kulibeba daftari la Mzee Kapaya mpaka bomani. Sikulibeba. Niliogopa kazi. Nilijiambia mimi ni karani tu, nani atanisikiliza. Huku nikijua kwamba waliponihitaji kumpaka mtu matope walinisikiliza vizuri sana.

Mihambo akahamishiwa upande wa Igunga. Walisema ni uhamisho wa kawaida. Siamini mpaka leo.

Watu wakahamia bondeni. Msimu wa kwanza mavuno yakawa mazuri, waliochagua bonde wakapiga picha.

Kisha nikaitwa, shangazi anaumwa. Nikamkuta amekaa mlangoni mchana kweupe, ungo uko mapajani, mchele nusu umepetwa, nusu umemwagika. Amelala. Nikamwita, akafumbua macho, akaniita kwa jina la baba yangu.

Tulimpeleka hospitali akiwa amechelewa. Hakurudi.

Wagonjwa walipozidi, kijiji kikahamishwa tena. Wakapelekwa kule juu, kule kukavu, kwa hesabu zile zile za Dakta zilizokuwa mkobani siku ya kikao.

Baada ya arobaini ya shangazi nikadandia lori mpaka Igunga, nikauliza mpaka nikampata Mihambo. Nilimkuta ameinama anaziba pancha ya baiskeli ile ile.

Nikamwambia yote. Kitabu, daftari, mstari nilioandika, shangazi. Nililia, sioni haya kusema.

Akaweka tairi chini. Akauliza, "Yule mama wa kigoda? Alinipa maji ya kunywa yule."

Nikasema ndiye.

Akafuta mikono kwa kitambaa, akaniangalia kwa jicho lake lile lile.

"Pole kwa msiba. Sasa umefika kwangu. Unataka nikusainie mahali?"

Nikarudi Tabora na lori la jioni hiyo hiyo.

Kwa hiyo mdau wa semina, sikutukani. Pengine wakubwa wako walifika kweli. Ila ukitaka kujua kama kiongozi ameshirikishwa, usiniletee sahihi yake. Niambie aliuliza nini, alimuuliza nani, na alibadili nini alipojibiwa. Na wewe unayepima, fika kwanza. Mimi nilimshuku mtu kwa sababu hacheki na hakusaini, nikawaamini waliocheka na kusaini, na nilifanya yote hayo nikiwa nimekaa kwenye kiti mjini.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu amewahi kusaini mahali ambapo hakufika? Semeni tu ukweli, mimi nimeshaanza, na hapa hakuna karatasi ya mahudhurio.