Alhamisi za Kingori

Usiku ule Watiri hakulala. Aliketi jikoni karibu na makaa, akisikiliza barabara ya kutoka Nanyuki. Kila gari lililopunguza mwendo pale Mweiga lilimwinua, na kila lililopita lilimkalisha tena. Mumewe, Kingori, alikuwa ameondoka asubuhi akisema anakwenda kuulizia bei ya viazi. Alhamisi iliyotangulia alikwenda kutafuta dawa ya kupe, na ile ya kabla yake, misumari. Nani anafuata misumari Nanyuki na Nyeri iko hapa?

Habari zililetwa alfajiri na Kahiga, dereva wa lori la maziwa. Alisema Kingori, Baba Sophie, alikosa gari akalala huko, wala hana neno. Akapakia mitungi, kisha akaongeza akicheka kwamba alimwona jioni akibisha kwenye nyumba ya mbao nyuma ya soko, na mama mmoja akamfungulia mbio mbio. "Huyo mzee wako bado ako na soko, mama," alisema, akawasha lori.

Watiri hakucheka. Kingori aliporudi alimpa chai, akamvua koti kama mke mwema, akalikagua nyuma ya nyumba. Halikunuka marashi. Lilinuka ngozi kuukuu, na mabegani lilikuwa na mikunjo miwili, huku na huku, kama ya mtu aliyebeba mzigo kwa kamba. Mzigo wa nani? Akafikiria mwanamke anayehama nyumba. Akafikiria kitanda.

Na kulikuwa na jambo jingine. Siku hizi, akimkama ng'ombe, Kingori aliimba kwa pua, wimbo usio na maneno. Watiri akiingia zizini, ulikoma. Mume anayemwimbia ng'ombe na kumnyamazia mkewe ana la kuficha.

"Mama, si umuulize tu?" Sophie, binti yao, alimwambia.

"Ukimuuliza mtu kabla hujajua, unampa nafasi ya kupanga uongo."

Hakuzaliwa na shaka hivyo. Alipokuwa msichana, huko Kiganjo, alimwona Kingori kwenye arusi akipiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana kifuani, vijana na wasichana wakicheza mwomboko wawili wawili. Kando yake alikaa rafiki yake Gatimu akigonga chuma cha mviringo. Kingori alimtumia soda, akaikataa. Akamtumia nyingine. Baada ya kuoana waliokoka wote wawili, na ndugu wa ushirika wakasema kodiani ni chombo cha baa. Kingori aliivua mbele ya watu, akaiweka chini, na tangu siku ile hakuitaja. Gatimu hakuokoka. Alihama na kodiani ile, wakapoteana.

Kwa ndugu hao, jambo likikusumbua unaliweka nuruni, yaani unalisema mbele ya wote. Jumanne iliyofuata Watiri alisimama, akasema tu kwamba anaomba aombewe ndoa yake, kwa kuwa mumewe ana njia asiyoijua. Alidhani ameomba maombi. Alisahau kwamba hapo, ukisimama kuhusu mwenzako, umeshamshtaki. Kabla ya chai kumiminwa, Ndugu Wambugu, kiongozi wao, alikuwa ameamua kwamba Alhamisi yeye na Watiri watamfuata Kingori, waone kwa macho. Ikithibitika, Kingori angeketishwa benchi la nyuma, asiguse tena meza ya Bwana mpaka aungame. Watiri alitamani kuyarudisha maneno yake, lakini alitaka pia kuuona uso wa yule mwanamke.

Alhamisi, huko Nanyuki, waliikuta ile nyumba ya mbao nyuma ya soko imefungwa. Walisimama ukutani, mchana, jua likiwaka. Kwanza ilisikika sauti ya mwanamke, ya mtu mzima, yenye lafudhi ya Meru.

"Leo amenifukuza tena. Ati Karimi ni nani? Miaka yote hiyo, ati mimi ni nani. Mpigie, Baba Sophie. Labda atarudi kidogo."

Kisha ile kodiani ikavuta pumzi.

Watiri aliujua wimbo. Ulikuwa ule wa zizini, na ulikuwa wa Kiganjo. Miguu yake iliutambua kabla yake. Chuma kikaanza kugonga, kwanza kikipotea, kisha kikikamata mwendo, na sauti ya mzee ikaimba ubeti mzima bila kukosea neno. Wambugu akakunja uso. Muziki ukakoma.

"Kingori," mzee akasema, "yule msichana wa kukataa soda. Alikubali?"

Kodiani ikashusha pumzi.

"Alikubali, Gatimu."

"Nilikuambia. Karimi, mbona unalia? Njooni tuombe kabla sijasahau tena."

Gatimu, ambaye ushirika ulimhesabu amepotea, akaomba. Aliomba polepole, akimshukuru Mungu kwa vitu vidogo, kwa mke wake Karimi, kwa mlima asubuhi, kwa mkono wa rafiki. Kingori akaitikia amina kwa sauti ambayo Watiri hakuwahi kuisikia kanisani. Yeye mwenyewe aligundua kwamba amefumba macho.

Alipoyafumbua, Wambugu alikuwa ameinua ngumi abishe. Watiri akaingia kati yake na mlango.

"Humo hakuna mwanamke wa kando, ndugu."

"Kuna kodiani. Aliiacha mbele ya Mungu, na ameirudia kwa siri."

"Nimesikia."

"Basi gonga wewe. Ni mume wako. Wewe ndiye ulisimama Jumanne."

Watiri aliutazama mlango. Bado alikuwa na la kumuuliza Kingori, kwa nini alimnyima hili, kwa nini alimdhania angemshtaki kwa ndugu. Ila hilo la mwisho alikuwa amelijibu mwenyewe kwa kinywa chake.

"Jumanne nitaliweka nuruni," Wambugu alisema.

"Liweke. Na mimi niweke hapo. Sema ulimwacha Mama Sophie mlangoni, akikataa kukupisha."

Ndani, chuma kiligonga tena. Watiri aliketi kizingitini, akaivuta leso yake magotini, akaegemeza mgongo kwenye mbao. Wambugu alingoja, akasafisha koo, akangoja tena. Mlango ulibaki umefungwa.