Katekista Anayeogopa Bahari

Nimekaa Kiswere miaka kumi na mbili, na nyumba yangu nimeijenga ikiipa bahari mgongo. Mlango unatazama barabara, dirisha la sebuleni linatazama mikorosho, na upande wa pwani nimeweka jiko na choo. Watu wakiniuliza kwa nini, nilikuwa nawaambia ni ule upepo wa chumvi, unakula bati. Uongo mtupu. Mimi naiogopa bahari. Naiogopa ikijaa, naiogopa ikikupwa, na mke wangu akirudi na pweza wake huwa namwambia amalizane naye huko huko nje.

Mimi ni Mngoni wa Songea, mtu wa milimani. Nilitumikia jeshi mpaka nikastaafu na cheo cha sajini, ndipo mke wangu, ambaye ni wa huku, akanileta kwao tulime korosho. Kwa kuwa nilikuwa Mkatoliki anayejua kusoma kwa sauti, nikafanywa katekista. Kanisa letu lina waumini kumi na mmoja, wengi wao walimu na manesi kutoka bara, na padre huja mara moja kwa mwezi barabara ikimruhusu. Jumapili zinazobaki ibada naongoza mimi, na niseme ukweli, napenda kuongoza. Sauti ninayo. Majirani zangu Waislamu husema wananisikia mpaka msikitini, na sina hakika kama huwa wananisifu.

Halafu kuna hili la ushujaa. Kwa vile nilikuwa askari, kijiji kizima kiliamini nimepigana vita. Mimi sikumwambia mtu hivyo. Nilikuwa mtunza ghala. Nimegawa buti, nimegawa mablanketi, na nimegombana na maofisa waliotaka soksi jozi tatu wakati stahili yao ni mbili. Lakini mtu akikuita shujaa asubuhi asubuhi, tena mbele ya mkeo, utaanzaje kumbishia?

Basi mwaka juzi wakaja askari vijana kama arobaini, wakapiga mahema juu kidogo ya kijiji kwa mazoezi ya wiki mbili. Zoezi la mwisho lilikuwa kuvuka ghuba kwa boti. Kapteni wao, mtu mpole mwenye miwani, akaja nyumbani kwangu. "Mzee, nusu ya vijana wangu ni Wakristo na wako mbali na kanisa. Wewe ni askari mwenzetu. Njoo Jumapili utuwekee ibada, uwatie moyo." Ningekataa? Nilikuwa nimeshaitoa kaunda suti sandukuni kabla hajamaliza chai.

Jumapili ya kwanza niliwahubiria nguvu za Mungu kwa askari. Nikawaambia mwenye Mungu hana hofu, hofu ni ya wale wasiomjua. Nikawasimulia yule mwanafunzi wa Bwana aliyeshuka mashuani akatembea juu ya maji, ila sikukaa sana pale alipoanza kuzama. Vijana waliitikia "Amina!" kijeshi, kwa mpigo mmoja, mpaka turubai likatikisika. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele.

Kabla sijafika mbali, askari mmoja wa kike alinikimbilia. Binti wa Singida, mrefu, mabega haya, ambaye kapteni mwenyewe aliniambia anawashinda wanaume kwa mbio.

"Tumsifu Yesu Kristo, mzee."

"Milele na milele, amina."

"Mzee, naomba uniombee mvua."

"Mvua ya nini, mwanangu?"

"Mvua kubwa. Ili hilo zoezi la boti lifutwe."

Akanieleza. Mdogo wake wa kiume alizama bwawani kwao, yeye akiwa ukingoni anafua. Tangu siku ile maji yakimpita magoti mwili mzima unakataa. Na asiyevuka anaondolewa kwenye kozi, anarudishwa kikosini. Kozi hiyo ameingojea miaka mitatu, ndiyo ya kumpa ukoplo, na akirudishwa safari hii hatapelekwa tena.

Mtu mwenye akili angemwambia, mwanangu, hata mimi. Ningesema maneno hayo matatu tu. Lakini nilikuwa bado na mahubiri mdomoni, nikamwambia, "Binti yangu, mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nikamwomba Mungu, akaniondolea hofu yote kwa siku moja. Sasa hivi mimi na bahari ni ndugu." Yametoka wapi, sijui. Yalitoka matamu, na mimi mwenyewe niliyaamini hadi nilipofika nyumbani nikaliona jiko langu lilipo.

Yule binti alifurahi mpaka machozi. Na kila jioni, mazoezi yakiisha, alipita kwangu kunipa taarifa. "Mzee, nimeomba, hofu bado ipo." Mimi namjibu, "Ongeza imani." Kesho yake, "Mzee, bado ipo." "Ongeza imani, mwanangu." Nikilikumbuka jibu hilo, hadi leo natamani kujizaba kofi. Mtoto wa watu akawa anadhani Mungu anamruka yeye peke yake.

Sasa nimwingize mtani wangu. Huyu ni Mmwera, Mwislamu safi wa swala tano, na ndiye mwenye boti ambazo kapteni alizichukua, maana miamba ya ghuba ile wanaijua wenyeji tu. Zamani babu zetu Wangoni waliwavamia babu zao, na sisi wajukuu tunamalizia kwa maneno. Anaingia kwangu bila hodi, anakamata kuku, anatoka. Nikiuliza ananijibu, "Babu yako alichukua mbuzi wa babu yangu, nikaushitaki wapi ukoo wenu?" Na kukasirika hairuhusiwi. Utani ndivyo ulivyo: ukichokozwa unacheka, na ukichokoza lazima ujibiwe, hata kama ni msibani na maiti iko ndani.

Jumapili ya pili alikuwa amekuja kambini kuongea na kapteni mambo ya boti. Akatukuta katika ibada, akakaa kwa adabu juu ya dumu la petroli, kofia kichwani. Ningemwacha tu. Lakini kiherehere hakina dawa. Nikiwa katikati ya mahubiri nikamwona, nikanguruma, "Muwe majasiri, vijana! Msiwe kama hawa Wamwera! Babu zetu walikuwa wakikohoa tu huku bondeni, wao wameshafika kileleni, na sufuria wameziacha motoni!"

Askari wakaangua kicheko. Mtani akasimama, akajipangusa suruali taratibu. Hapo nilijua nimeyatimba.

"Asalaam aleikum, watoto wangu. Samahani kwa ibada yenu, ila mmesikia nani kaanza. Huyu Mngoni ni shujaa, sikatai. Hebu muulizeni magoti yake mara ya mwisho yalilowa lini? Mkewe akienda kuchokoa pweza, yeye anamngojea kule juu kashikilia mti. Tulikuwa na harusi hapo ng'ambo, dakika ishirini kwa boti. Bwana huyu alizunguka na basi kutwa nzima, akafika pilau limekwisha, akala ukoko!"

Wallahi, lile turubai lilitaka kuruka. Waliocheka walilia, waliolia waligaragara. Mimi nilimtafuta yule binti kwa macho. Alikuwa hacheki. Aliniangalia, akaangalia chini, na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe. Utani naustahimili. Lile jicho nilishindwa.

"Nimekukamata!" mtani akaendelea, hana habari. "Leo mateka ni wewe. Jikomboe!"

"Chukua jogoo," nikasema.

"Kuku wako nawachukua bila kukukamata. Nataka ujikomboe kwa boti. Jumanne unavuka na hawa watoto."

Nikamgeukia kapteni aniokoe. Nilikuwa nimesahau kwamba kapteni ni Mhehe, na Wahehe nao ni watani zetu. Akafuta miwani yake kwa utulivu mkubwa, akasema nafasi ipo.

Ndipo yule binti akasimama, mikono ubavuni. "Afande, mzee akivuka, na mimi navuka. Asipovuka, naomba nirudishwe." Kicheko kikakatika. Walikuwa hawajui jambo lake, lakini walisikia sauti yake.

Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akanitolea nguo kuukuu. "Hizi hata zikienda na wewe hazina hasara," akasema.

Jumanne asubuhi nikapanda. Sitasimulia nilivyopanda, walikuwa wanne, wawili kila upande. Wakanivalisha jaketi la kuokolea, yule binti akakaa pembeni yangu na mfuko wake wa mchanga mapajani, maana kila askari alikuwa na mfuko wa kufikisha ng'ambo. Nilikuwa nimejiandalia mahubiri mafupi ya njiani. Boti ikanyanyuka, ikashuka, mahubiri yakabaki kule juu. Nikafanya ishara ya msalaba, nikasahau kama nimefanya, nikarudia. Mtani alikuwa nyuma ameshika mashine, na hakunitania hata neno moja. Hapo nikajua hali yangu ni mbaya.

Hatimaye ufuko wa ng'ambo ukaonekana karibu, nikaanza kumshukuru Mungu. Mashine ikazimwa. Boti ikasimama majini, mbali na mchanga, na sauti ikaamuru: "Shukeni!"

Kumbe! Mimi niliambiwa habari za kupanda tu. Hizi za kushuka kwenye maji ya kifua hakuna aliyenitajia.

Vijana wakajitosa mmoja mmoja na mifuko yao kichwani. Tukabaki watatu: mimi, binti, na mtani. Kapteni alikuwa ameshatangulia ufukoni, filimbi shingoni, anatutazama. Binti alikuwa ameshika ukingo wa boti, vidole vimekakamaa, midomo imekauka. "Mzee," akasema, "bado ipo."

Nikamwambia, "Mwanangu, nilikudanganya. Mungu hajaniondolea chochote. Na hata sijawahi kumwomba. Mimi ni katekista, niliona haya kumwambia Mungu kwamba naogopa."

Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Yeye akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwa hiyo si mimi peke yangu," akasema. "Basi tumwombe sasa, mzee, mimi sina muda wa kungoja." Akafumba macho. "Ee Mungu, sisi ni waoga, unatuona. Mdogo wangu unaye huko. Tushike. Amina."

"Amina," nikasema.

"Amina!" akasema mtani, kwa sauti kuliko sisi sote, na alikuwa anajifuta macho kwa kofia.

Binti akajitosa. Akazama mzima, hadi nywele, na moyo wangu ukaenda naye. Akaibuka anakohoa, akatapatapa, miguu ikapata chini, akasimama. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa analia kwa sauti na amesimama. Halafu akageuka, akaipa boti mgongo. "Haya, mzee. Panda."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni. Wewe mfupi, maji yatakufika puani."

Ningebisha, lakini mtani alikuwa ameshanisukuma. Nikajikuta mtu mzima, katekista, sajini mstaafu, nimebebwa kama mtoto wa kunyonya, nimemkaba shingo askari wa Singida mbele ya kikosi kizima. Kutoka ufukoni kapteni akapaza sauti, "Askari! Mzigo wako uko wapi?"

"Huu hapa, afande! Unazidi ule!"

Walicheka, wacha wacheke. Kapteni akatazama mfuko wa mchanga uliobaki botini, akanitazama mimi, akaandika kwenye karatasi yake. Binti alifaulu, niwaambie kabisa msikae roho juu. Sasa hivi ni koplo, na hunipigia simu Krismasi.

Lakini wao walikuwa ufukoni, hawakujua nilichokijua mimi kule juu. Yule binti alikuwa anatetemeka. Mgongo wote ulitetemeka, tangu botini hadi mchangani, na kila wimbi lilipompiga niliusikia moyo wake ukidunda kifuani kwangu. Hofu yake ilikuwa palepale, hata robo haikupungua. Na hakusimama. Alinyanyua mguu, akautua, akanyanyua mwingine. Miaka yote nilikuwa nikiwahubiria watu nguvu za Mungu, na sikuwahi kuwa karibu nazo namna ile. Nikaegemeza shavu kwenye bega lake lililolowa, nikafumba macho, nikamwambia Mungu, bila sauti yangu ile ya kanisani, "Kama nguvu zako ndizo hizi, na mimi nigawie."