Ndege Isiyoruka Iliposhtuka Mara Kumi na Tisa

Jumatatu ile ndege yetu ilishtuka mara kumi na tisa.

Upepo hakuna. Injini zimezimwa. Na kuruka haijawahi kuruka tangu iundwe, maana haina mabawa wala matairi.

Ngoja nieleze kabla hujasema nimechanganyikiwa.

Mimi ni fundi wa simuleta. Jina langu Paskalia, ila kazini wengi wananiita Mama Blessing. Simuleta ni kichwa tu cha ndege, chumba cha marubani, kimewekwa juu ya miguu sita ya chuma inayopanda na kushuka. Mwanafunzi anakaa ndani, anaona anga kwenye skrini, anarushwarushwa na mawingu, anatua, anaanguka, halafu anatoka mzima anaenda kula.

Kazi yangu ni kuhakikisha akianguka, ameanguka yeye, sio mashine.

Chuo chetu kipo Kibaha, ukishapita viwanda vya Zegereni, ndani ya godauni moja refu. Mashine yenyewe ni ya mtumba. Ikiwa na shida inawasha taa kukwambia imejizuia. Imejizuia kwa nini, hapo utajijua.

Ufundi nimeusomea jioni, miaka mitatu. Mchana nauza kwenye duka la vifaa vya umeme la watu, jioni darasani. Siku ya mtihani wa vitendo Blessing alikuwa na siku arobaini na moja. Mama yangu kambeba nje ya dirisha, mtoto analia, mimi ndani nachomelea waya huku maziwa yanalowesha shati.

Nilifaulu. Shati nilitupa.

Sasa sikia kilichokuwa kinanikosesha raha wiki ile. Nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, na ilikuwa inaisha Ijumaa. Aliyethibitishwa kazini anapewa nyumba ndogo ndani ya uzio wa chuo. Asiyethibitishwa anajitafutia. Mimi nilikuwa nachangia chumba na dada mmoja, Salama, kwa mwenye nyumba asiyetaka kusikia habari za watoto.

Kwa hiyo Blessing alikuwa Kisarawe kwa bibi yake. Ijumaa naenda, Jumapili naondoka kwa kunyata asinione. Hatua zake za kwanza nilitumiwa kwa video. Niliiangalia nikiwa chini ya mashine, bisibisi mdomoni.

Nikithibitishwa, mwanangu anahamia kwangu. Hilo tu ndilo nilikuwa nalitaka duniani.

Halafu mashine ikaanza kuzingua.

Wanafunzi walikuwa wametoka likizo ya mwezi na nusu. Kiyoyozi cha ukumbi kilikufa wakati wa likizo, kwa hiyo mlango mkubwa wa godauni ulikuwa unashinda wazi hewa iingie. Jumatatu wanarudi, wanapanda kwa zamu, na mashine inashtuka. Imetulia zake, ghafla inajikaza, inarudi chini kwa kishindo. Dakika tano, tena.

Bosi wangu, Injinia Didas, aliniita pembeni.

"Mama Blessing, Alhamisi anakuja mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga."

"Najua, Injinia."

"Ikishtuka mbele yake, anaifungia. Ikifungiwa, fundi wa kukaa anaiangalia simhitaji. Sikutishi. Nakwambia ilivyo."

Sikutishi, anasema.

Nikakimbilia kitabu cha hitilafu. Kila mwanafunzi akimaliza zamu anaandika humo alichokiona. Kitabu kile ndicho hospitali yangu, humo ndimo mgonjwa anajieleza.

Mmoja kaandika: Imeshtuka. Mwingine: Imeshtuka tena. Mwingine: Mungu tusaidie.

Halafu Khalfani.

Khalfani ni kijana wetu aliyezaliwa na kukulia Muscat. Mkononi ni rubani kweli, ila Kiswahili chake kinapumua. Kila kitu kwake kina roho. "Dada, kiti amevunjika." "Dada, simu yangu amekufa." Siku moja alimuuliza Maulida wa kantini, "Mama, wali ameisha?" Maulida akamjibu bila kucheka, "Ameisha, mwanangu, tumemzika saa saba."

Basi Khalfani kaandika hivi: Simuleta anashtuka ndege anapopita.

Mimi Kiswahili ndilo somo nililokuwa naongoza darasa zima la jioni. Siwezi kuona kosa nikanyamaza, ni ugonjwa. Nikachomoa kalamu nyekundu. Anashtuka nikakata, nikaandika inashtuka. Anapopita nikakata, nikaandika inapopita. Na sikuishia hapo, nikamsahihisha mbele ya wenzake.

"Khalfani, ndege inapopita. I-na-po-pita. Ndege sio kuku."

Darasa likacheka mpaka mmoja akaegemea ukuta.

"Sawa, dada," akasema. Akakaa chini.

Nikapeleka kitabu kwa Injinia. Akasoma mstari ule, macho yakamtoka.

"Inashtuka ndege inapopita. Mawasiliano ya redio," akasema. "Ndege za kwenda na kutoka Dar zinapita juu yetu. Mawimbi yao yanaingilia mashine yetu."

Ilisikika kisomi sana. Nikakubali.

Jumanne nzima na Jumatano nusu tuliwinda mawimbi. Nilifunika nyaya. Nilibadilisha plagi. Nilizungushia boksi la umeme karatasi ya alumini tuliyomwazima Maulida, ile anayofungia chipsi. Mlinzi wetu, Mzee Zahoro, alipewa daftari akae nje, aandike kila ndege inayopita na saa yake.

Jumatano saa nane mimi na Injinia tukamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeangalia juu mpaka shingo imekataa kurudi."

"Zimepita ngapi leo?"

"Sita."

Mashine ilikuwa imeshtuka mara ishirini na mbili.

"Labda nyingine zinapita chini chini," mzee akasema.

Injinia alicheka. Mimi sikuweza. Maana kitu kingine kilikuwa kinanisumbua: jioni, wanafunzi wakishaondoka na mlango umefungwa, nilikuwa naijaribu mwenyewe, saa nzima, haishtuki hata mara moja. Imetulia kama mtoto aliyeshiba. Mchana ikiona watu, inaanza. Nikahisi inanichora.

Saa tisa nilikaa sakafuni karibu na mashine, nimejikunyata, nimekwisha. Khalfani alikuwa kwenye benchi palepale anangoja zamu yake. Tangu nilipomsahihisha alikuwa haongei, anajibu kwa kichwa tu.

Mashine ikashtuka. Kutoka ndani mtu akaita, "Oya, fundi, tunakufa huku."

"Pole, dada," Khalfani akasema taratibu. "Amepita tena."

"Nani?"

"Ndege."

"Khalfani, ndege ipi? Mzee Zahoro yuko nje, hajaona kitu."

"Huyu huyu. Ana mdudu mdomoni."

Nilimwangalia. Akaniangalia.

"Ndege ana mdudu wapi?"

"Mdomoni, dada. Anapeleka kwa watoto."

Nikageuza kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka nyuma yake.

Mbayuwayu. Mdogo, mweusi wa kung'aa, mkia umegawanyika. Kaingia kwa mlango mkubwa, kashuka chini kabisa, kapita katikati ya miguu ya mashine, halafu kapanda hadi kwenye boriti la nyuma. Juu ya boriti, kiota cha udongo. Kwenye kiota, midomo mitatu imeachama.

Chini ya simuleta kuna macho ya usalama, taa mbili zinazotazamana. Kitu chochote kikikatiza katikati, mashine inajizuia palepale isije ikamponda mtu. Yale macho niliyapima Jumatatu, yalikuwa mazima. Yalikuwa mazima mno. Yalikuwa yanamwona mama wa watu kila anapopeleka chakula.

Na jioni mlango ukifungwa, hapiti.

"Khalfani, mbona hukusema?"

"Niliandika, dada. Ukafuta."

"Sasa ulipoona tunafunga karatasi za chipsi?"

"Nilifikiri ni mila ya hapa."

Nilicheka, halafu katikati ya kicheko nikasikia aibu imenipanda mpaka masikioni. Kijana aliandika maneno mawili yenye a. Moja lilikuwa kosa. Lingine lilikuwa jibu. Mimi nikayakata yote kwa kalamu moja.

Injinia alipoona kiota hakuchukua muda.

"Toa."

"Injinia, kuna makinda."

"Kesho saa tatu kuna mkaguzi."

"Nipe mpaka jioni. Wakinishinda, nitatoa mwenyewe."

Sijui nilipata wapi kifua. Nadhani ni kwa sababu ya ile midomo mitatu. Mimi ninajua mtoto kulishwa mbali na mama yake kulivyo.

Juu ya ukuta wa nyuma, karibu na boriti, kulikuwa na tundu la hewa lenye wavu. Mzee Zahoro akaleta ngazi, mimi nikapanda na koleo, nikakata wavu. Tukafunga mlango mkubwa. Hewa ya ndani tukaiachia feni tatu, mbili za ofisini na moja ya Maulida.

Halafu tukatoka nje, tukangoja.

Mbayuwayu akaja, akakuta mlango umefungwa. Akazunguka. Akagonga bati kwa mabawa, akarudi juu, akazunguka tena. Nusu saa. Ndani makinda yanalia, unayasikia mpaka nje.

"Tundu liko huku, mama," Khalfani akawa anamwambia, anamwonyesha kwa kidole. "Huku. Nyuma."

Mzee Zahoro akamwambia, "Mwongoze vizuri, wewe si rubani."

Saa moja ilipita. Nilishaanza kuangalia ngazi kwa jicho baya. Ndipo akazunguka godauni, akaona, akaingia. Makinda yakanyamaza kwa zamu, moja, la pili, la tatu.

Tukaiwasha mashine mpaka giza likaingia. Haikushtuka.

Alhamisi saa tatu kamili mkaguzi akafika. Bi Shamsia, mama wa makamo, mtandio wa kijivu, kalamu nne mfukoni. Alikaa ndani ya simuleta saa mbili. Aliirusha, akaizima injini moja angani, akaitua kwenye mvua. Mashine ilitulia kama inaombewa.

Aliposhuka akasikia milio juu.

"Hao ni nani?"

"Wapangaji," Injinia akajibu. "Wanahama wakiota manyoya."

Akatabasamu. Nikajua tumepona. Halafu akasema, "Naomba kitabu cha hitilafu."

Akafungua ukurasa wa Jumatatu. Akausogeza karibu na macho. Kidole chake kikasimama kwenye wino mwekundu.

"Hapa pamekatwa. Kumbukumbu ya hitilafu haikatwi. Ni nani?"

Injinia akakohoa. "Mambo ya lugha tu, mama. Mwanafunzi huyu Kiswahili kinampa tabu."

Hakusema uongo. Ila aliacha mlango wazi, na mimi niliuona. Ningeweza kuingia humo kwa kunyamaza tu. Ingeonekana Khalfani kajisahihisha. Na Khalfani mwenyewe alikuwa kasimama pembeni, kainamisha kichwa, yuko tayari kubeba.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nyumba ilikuwa palepale ndani ya uzio, naliona dirisha lake.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilidhani kakosea."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

Akanipa moja ya kalamu zake nne, ya bluu. "Andika chini yake. Ulichofanya, tarehe, saini."

Niliandika mbele ya watu wote: Nilisahihisha Kiswahili kilichokuwa sahihi, tukapoteza siku mbili.

Bi Shamsia akasoma. Mashine akaipitisha. Kwenye ripoti akaandika kasoro moja, na kasoro hiyo ilikuwa mimi.

Usiku ule sikumpigia mama. Ningeanzia wapi?

Ijumaa saa sita Injinia akaniita, akanisukumia bahasha. Nikaifungua. Mstari wa juu, kwa herufi kubwa: BARUA YA ONYO.

Machozi yakaanza kabla sijafika mstari wa pili.

"Ziko mbili," Injinia akasema. "Zimegandana."

Nikazibandua. Ya pili ilikuwa ya kuthibitishwa kazini.

Nikaisoma mara tatu nikitafuta mtego. Kwenye mara ya tatu nikaona tarehe. Iliandikwa Jumatatu asubuhi, kabla mashine haijashtuka hata mara moja.

"Injinia, hii ulikuwa nayo wiki nzima?"

"Kwenye droo."

"Na ukaniambia fundi humhitaji?"

"Nilitaka uongeze bidii." Kisha akavua miwani, akaifuta. "Jana karibu niichane. Mkaguzi alipouliza ni nani, nilikuwa nakuangalia wewe. Ungemwachia yule kijana, ningeichana hapohapo. Haya, toka, nenda kamchukue mtoto."

Nadhani ni mimi peke yangu Kibaha nzima niliyepewa onyo na kazi ya kudumu ndani ya bahasha moja.

Jumapili jioni, kwa mara ya kwanza, niliondoka Kisarawe bila kunyata. Blessing alikuwa mgongoni, kalala, ananitemea mate shingoni. Mama alitusindikiza mpaka barabarani akijifanya anachekea kitu kingine.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ninacho kimoja tu cha kukuachia. Kuna watu wanaongea wakikosea kosea, na sisi tunaojua kuongea tunakuwa wepesi wa kuwanyoosha. Kabla hujamnyoosha mtu neno lake, muulize kwanza ameona nini. Huenda yeye ameshaona, na wewe bado unaangalia juu angani.