Kanga Juu ya Kioo cha Kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mimi ndiye niliyekuwa nikipiga video za harusi za wanawake hapa Mji Mkongwe. Walinitaka kwa sababu moja tu: mimi ni mwanamke. Ukumbini mabuibui huvuliwa, nywele zikaachwa wazi, watu wakacheza mpaka wakalowa jasho, na mkanda wake haupaswi kuonwa na mwanamume.

Sasa mkanda mmoja ukanigomea. Kila nilipouingiza kwenye kompyuta ili niukate na kuupanga, picha ilifika mahali ikasita, kompyuta ikaandika kwamba imepoteza mawasiliano na kamera. Nikasafisha kamera, nikabadilisha waya. Wapi! Fundi niliyemjua alikuwa mmoja, jirani yangu, na huyo ndiye niliyemwogopa kuliko watu wote. Mkewe, shoga yangu, alikuwamo mkandani, anacheza mstari wa mbele. Na fundi, kwa hasira tu, alikuwa amemwapia: ukikanyaga kwenye ngoma ya harusi ile, talaka zako tatu. Kiapo hicho akikivunja mke, na mume akajua, ndoa imekwisha bila rejea. Shoga yangu akaaga anakwenda Mtoni kumtazama mama yake, akaja harusini.

Lakini bi harusi alikuwa anasafiri na mkanda wake anautaka. Nikamwita fundi baada ya sala ya alasiri. Kioo cha kompyuta nilikifunika kanga, nikaingiza kichwa changu chini yake kama mtu anayejifukiza, nikawa namsomea maandishi.

"Mkanda una pengo," alisema. "Ulirudisha nyuma kutazama, kisha ukaanza kupiga mbele zaidi. Kompyuta ikifika hapo inapotea. Usiiachie iendeshe kamera. Bonyeza kamera mwenyewe, kwa mkono."

Nikabonyeza. Picha ikavuka! Kwa furaha nikasahau kwamba spika ziko wazi. Kicheko cha shoga yangu kikajaa chumbani, kile cha kupaliwa ambacho mtaa mzima unakijua, kisha sauti yake: "Nipige mimi, shoga, nipige vizuri!"

Nikabaki chini ya kanga, sithubutu kutoa kichwa. Nilimsikia anapapasa nyuma ya meza, na mara sauti ikakatika. Alikuwa ameng'oa waya wa spika.

Nilipojifunua nilitegemea kukuta ghadhabu. Nilimkuta uso umemsawijika, waya bado kaushika. Yule bwana alikuwa na hofu kuliko mimi.

"Dada," alisema polepole, "mie hapa nimesikia ngoma tu. Na wewe umesikia ngoma tu. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Nna watoto, dada."

Nikakikata kile kicheko. Bi harusi aliuliza mbona pale watu wanafungua midomo na sauti haitoki, nikamwambia mkanda uliharibika. Shoga yangu hajui lolote mpaka leo. Nikiwa kwao naye akaangua kicheko kile, mimi na mumewe huinamisha macho, kila mmoja akaangalia kikombe chake.