Nyuma ya Gari Ni Yetu

Shule niliishia darasa la nne. Nasema hilo mwanzoni ili anayetaka kucheka acheke mapema tumalize. Leo nina gereji Same mjini, ina geti la chuma nililolichomelea mwenyewe, na hakuna gari lililopita geti lile likanishinda. Yapo yaliyotoka na sura nyingine, lakini yalitoka yakitembea.

Milimani umaarufu nilipewa na gari la mjomba wangu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu, anaishi Mamba, huko milimani kwa wakulima wa tangawizi. Ana stesheni wagoni ya zamani ya Kiingereza: mbele bati kama gari lolote, nyuma fremu ya mbao. Ile mbao si pambo, ndiyo inayoshika paa, vioo na milango ya nyuma. Aliyeibuni hakuwahi kukutana na mchwa wa Upare. Siku mjomba aliponipigia simu, nyuma ilikuwa imebaki rangi tu. Ukiigusa, kidole kinazama.

"Mpwa wangu," akasema, "tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Mke wangu anasema kanisani ataenda na gari hili hili lililomleta akiwa bi harusi. La sivyo, niende nikaitimize hiyo miaka peke yangu."

"Labda anatania, mjomba."

"Suti yangu ameirudisha sandukuni."

Nikamwambia atulie, ameshampata mtu. Kuliteremsha gari hadi Same haikuwezekana, nusu ya nyuma ingebaki konani. Nikapanda mwenyewe na jenereta na mashine ya kuchomelea.

Njiani nilishaimaliza habari yote ya fremu kichwani. Mbao mpya? Mchwa wangenishukuru. Skwea paipu, chuma cha pembe nne, peke yake? Nzito, nyuma ingekaa kama kuku anayetaga. Mwanzi unapinda vizuri lakini haushiki skrubu. Aluminiamu ya madirisha ni nyepesi na haishiki kutu, ila kwa kona za kule inalegea. Basi nichanganye: skwea paipu nyembamba chini, aluminiamu juu. Sikufundishwa na mtu, wazo lilikuja lenyewe.

Nilipofika nikaona nilivyobeba havitoshi hata upande mmoja. Mwingine angerudi mjini. Mimi nikamfuata balozi wa nyumba kumi, nikamwomba apige pembe ya msaragambo. Kwetu Upareni pembe hiyo ikilia, kila nyumba inatoa mtu, na kazi ya wote inafanywa na wote, iwe barabara, iwe mfereji wa maji.

"Msaragambo wa gari la mtu?" balozi akashangaa. "Tangu nizaliwe sijausikia."

"Barabara mlichimba kwa msaragambo?"

"Ndiyo."

"Sasa barabara bila gari ipitishe nini?"

Akatafuta viatu vyake. Kisha akaenda kuipiga pembe.

Watu wakaja, wengi na majembe. Balozi akawaambia hakuna cha kulima, kila nyumba ilete kitu kigumu. Na katika msaragambo mchango wa mtu haukataliwi, kuukataa ni kama kumfukuza kijijini. Zikaja chaga za kitanda, mabomba ya maji, ubavu wa kabati, dirisha zima la aluminiamu na kioo chake. Mzee mmoja akaleta nusu ya mzinga wa nyuki, ambao ulikaa juu ya tairi kama umetoka kiwandani. Nyuki wachache wakaja kuulizia. Nikavifunga vyote, cha chuma nikakichomelea, kisicho chuma nikakipiga bolti. Jioni nikapanda juu ya paa nikarukaruka. Halikutoa hata mlio.

Asubuhi, watu wa kitongoji cha juu walikuwa getini kwa mjomba na magunia ya tangawizi.

"Shikamoo mwalimu. Leo zamu yetu."

"Marahaba. Zamu ya nini?"

Ya gari. Kilichojengwa kwa msaragambo kina zamu, kama maji ya mfereji: leo shamba hili, kesho lile. Balozi alikuwa ameshapanga.

"Gari ni langu!" mjomba akapaza sauti.

"Injini ni yako, mwalimu," balozi akamjibu kwa heshima zote. "Mpaka viti vya mbele hatugusi. Nyuma ni yetu."

Mjomba akanigeukia. Nikaikagua kazi yangu upya. Kusema haki, mle nyuma hamkuwa na hata skrubu moja ya mjomba.

Siku ya ibada ya ile miaka hamsini ikaangukia tena zamu ya kitongoji cha juu. Ni watu waungwana, wakasema tangawizi itasubiri. Lakini bi harusi hukaa nyuma. Mke wa mjomba alikaa nyuma siku ile ya kwanza, na nyuma akaingia na gauni lake, akatulia kando ya lile dirisha la aluminiamu. Mimi nikashika usukani. Mjomba alipogusa mlango wa mbele, mama mmoja wa kitongoji cha juu akamshika koti.

"Wapi, baba?"

"Kanisani, na mke wangu."

"Mke yupi? Aliyeko nyuma yuko kwetu. Ni binti yetu. Umeshamwomba?"

Vigelegele. Mjomba akanitazama nimwokoe. Nikazima injini ili nisikie vizuri.

"Nilimwomba kwa baba yake! Mbuzi nilipeleka!"

"Mbuzi aliliwa na baba yake. Sisi hatukuonja."

"Mchungaji anasubiri!"

"Basi omba haraka."

Kengele ya kanisa ikalia bondeni. Mjomba akavua kofia, akasimama katikati ya barabara, mbele ya watu ambao nusu yao aliwachapa wakiwa darasani.

"Naomba..." akaanza.

"Sauti, mwalimu! Sentensi kamili!"

"Naomba kupewa mke! Huyu hapa, aliye dirishani!"

Balozi akainama kwenye dirisha. "Mama, mtu huyu unamjua?"

Mama akamwangalia mumewe kuanzia viatu hadi kipara. Vigelegele vikakata, maana mama yule angeweza kabisa kushuka akarudi jikoni.

"Namjua," akasema. "Anakoroma. Ila mpakieni."

Wakampakia nyuma, pembeni yake. Nikapiga stati, na gari likawaka mara moja.