Saumu ya Monjia na Karatasi ya Bwana Anis

Kwetu Sfax, mtu akitia saini karatasi yoyote, iwe ya kupanga nyumba au ya kuuziana pikipiki kuukuu, saini peke yake haitoshi. Lazima aandike kwa mkono wake mwenyewe, juu ya saini: "Nimesoma na nimekubali." Kisha aipeleke manispaa, apange foleni, igongwe muhuri. Na katika watu mia wanaoandika hivyo, waliosoma kweli ni watatu, na wawili kati yao ni mawakili. Sisi wengine huandika tu, kama mtu anavyojibu "salama" huku jino linamuua.

Monjia Ben Ayed alijifunza ubaya wa desturi hiyo akiwa na miaka ishirini na minne. Wakati huo alikuwa akishona suruali za jinzi katika kiwanda cha Njia ya Gremda. Alhamisi moja msimamizi alipita na rundo la karatasi, akasema ni mambo ya bima, andikeni upesi mrudi kwenye cherehani. Monjia akaandika. Jumatatu akakuta lango limefungwa kwa mnyororo, na alipokwenda kulalamika idara ya kazi, karani mmoja akamwonyesha karatasi ile ile: barua ya kuacha kazi kwa hiari.

"Huu si mwandiko wako, dada?" karani akamuuliza.

"Wangu."

"Na hapa umesema umesoma."

Monjia aligeuka akaondoka. Alirudi nyumbani akamdanganya mama yake kwamba kiwanda kimeungua moto. Aliona afadhali moto kuliko aibu. Mama yake, Mungu amrehemu, alikufa akiamini hivyo, na kila kiwanda kile kilipotajwa alikuwa akiwaombea dua wenye kiwanda kwa msiba wao.

Miaka miwili baadaye Monjia alipata kazi ya keshia katika duka kubwa la Rihana, kilomita nne kutoka mjini. Alikaa kwenye kaunta namba tatu kwa miaka kumi na tisa. Aliolewa na Ridha mpiga lipu, akamzika, akalea mabinti wawili, yote hayo akiwa kaunta namba tatu. Wateja waliziacha kaunta zisizo na watu wakaja kupanga foleni kwake, kwa sababu Monjia hakuthubutu kulaza chupa ya mafuta ya zeituni juu ya mayai. Nusu ya makeshia wa pale aliwafundisha yeye. Na kwa haki ya miaka yake alikuwa na zamu ya asubuhi, isiyoguswa na mtu.

Kisha duka likauzwa. Wenyewe wapya walikuwa watu wa Tunis, mji mkuu, nao wakamleta meneja wao, Bwana Anis, kijana wa miaka thelathini na mbili mwenye tai nyembamba na pakiti mbili za sigara kwa siku. Mvutaji katika mwezi wa Ramadhani mnamjua alivyo: ukimsalimia umemkosea, usipomsalimia umemdharau.

Siku ya kumi ya mfungo, saa nne kasorobo asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, Bwana Anis aliwakusanya wafanyakazi wote thelathini na wanane. Akaweka rundo la karatasi kwenye kaunta namba moja.

"Ni utaratibu tu," alisema. "Jina la kampuni limebadilika, basi na karatasi zinabadilika. Andikeni, tieni saini, gari linangoja kuwapeleka manispaa. Wanafunga mapema, mnajua Ramadhani."

Mkongwe hutangulia, kwa hiyo Monjia alikuwa wa kwanza. Akashika kalamu. Akaandika "Nime", mkono ukasimama. Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliumwa akiwa bado msichana.

"Mama, kuna nini?" Bwana Anis akauliza.

"Hapa nataka kuandika kwamba nimesoma."

"Ndiyo."

"Sijasoma."

"Mama yangu, hayo ni maneno ya desturi. Andika tu."

"Niandike uongo, mwanangu? Kwa mkono wangu, nami nimefunga?"

Kusema kweli, saumu ilikuwa nusu tu ya sababu, nusu nyingine ilikuwa ule mnyororo langoni. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa neno zito. Suadi wa idara ya mboga, ambaye Mungu hakumpa sauti ya kunong'ona, akadakia:

"Toba! Hata mimi nimefunga! Tangu saa kumi na moja alfajiri sijatia kitu mdomoni, halafu niende kuivunja kwa ajili ya kalamu?"

"Wewe ulivunja juzi kwa kumsengenya wifi yako," mtu akamrushia.

"Kule si kusengenya, ile ni habari!"

Wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwudhi Bwana Anis. Alitaka kupiga kelele, lakini utamlazimishaje mtu aseme uongo mchana wa Ramadhani mbele ya watu thelathini na saba? Akazigawa karatasi kwa hasira.

"Haya, someni. Kesho saa nne nazitaka zote. Asiyetia saini asijisumbue kuja kesho kutwa."

Mapumziko ya Ramadhani hayana chai, hayana mkate, hayana sigara. Ni nusu saa nzima ya kutazamana. Siku ile, kwa mara ya kwanza, walipata la kufanya. Walijazana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na Dalila wa kaunta namba sita, mwenye shahada ya jiografia isiyomsaidia lolote ila kuwaelekeza wateja kwenye rafu ya jibini, akawa anawafasiria Kifaransa cha karatasi. Ukurasa wa kwanza, majina. Ukurasa wa pili, sare. Ukurasa wa tatu Dalila akaurudia mara mbili kwa macho.

"Sema, shoga," Monjia akamwambia.

"Inasema tunaajiriwa kuanzia leo. Tunaanza upya. Na miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Wakitaka wanatutoa bila sababu."

"Majaribio?" Suadi alipiga kofi paja lake. "Monjia awekwe majaribio? Aliyemfundisha aliyemfundisha aliyekufundisha wewe?"

Monjia hakucheka. Alikaa juu ya kreti la soda. Miaka kumi na tisa ilikuwa karibu kufutwa kwa maneno matatu ya mwandiko wake, na herufi nne za kwanza alikuwa ameshaziandika. Akaona uchungu, kisha akaona hasira, na hasira ikamsimamisha. Akaenda moja kwa moja kwenye bucha, mle mle dukani.

Toufiki mchinjaji ndiye alikuwa mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi. Alichaguliwa mara tatu mfululizo.

"Tuna mkataba wa pamoja, hatuna?" Monjia akamuuliza. "Ule mlioandikiana na duka, chama na wenyewe."

"Tunao! Nilikuwepo uliposainiwa." Toufiki akavuta droo, akafukua katikati ya visu na kamba za kufungia soseji, akatoa kijitabu cha kijani, cha lugha yetu, chenye harufu ya kitunguu saumu.

"Unasemaje?"

Toufiki akajikuna shingo. "Dada yangu, nikudanganye nini na mimi nimefunga? Sijakisoma. Watu walinichagua kwa sababu ya sauti."

Basi Monjia akakipeleka nyumbani. Alikisoma alasiri yote akiwa amesimama jikoni, kidole chini ya mstari, maana shule aliiacha mapema na macho yake yamezoea bei kuliko sentensi. Alisoma habari za buti, habari za likizo ya uzazi, habari za kiti cha keshia. Binti yake Yosra akaja mbio, "Mama, supu inaungua!" Monjia akasema, "Iache iungue, nimefika kifungu cha kumi na nne." Walifuturu tende na briki, sambusa zetu za mayai, na supu iliyoungua wakaisamehe.

Kesho yake saa nne kasorobo wote walikuwepo, na karatasi zao mikononi. Monjia alisimama mbele, kijitabu kwenye mfuko wa sare. Mjane mwenye binti bado shuleni si mtu wa kucheza na kazi.

"Mmesoma?" Bwana Anis akauliza. "Mmeridhika? Haya, kalamu."

"Tumesoma, bwana. Na hiki tumesoma pia." Akafungua kijitabu. "Kifungu cha kumi na nne: 'Duka likibadilisha mwenyewe, mfanyakazi habadiliki. Atabaki na kazi yake, daraja lake, zamu yake na miaka yake yote.'"

"Hicho ni kitabu cha mwenye duka wa zamani."

"Ndiyo maana kifungu kimeandikwa, mwanangu. Kimeandikwa kwa ajili ya siku atakayokuja mwenye duka mpya. Siku hiyo ndiyo wewe."

Toufiki akapata nafasi ya ile sauti aliyochaguliwa kwayo. "Soma tena, dada Monjia! Huku nyuma hawajasikia!" Walikuwa wamesikia mpaka wa kwenye maegesho, lakini Monjia alisoma tena, kidole chini ya mstari.

"Nilisema asiyetia saini asije," Bwana Anis akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua unene.

"Nani amesema sitii?" Monjia akachukua kalamu. Chini ya ukurasa wa mwisho, pale alipoandika "Nime" jana, akamalizia neno: "Nimesoma." Halafu pembeni yake, kwa herufi kubwa alizozoea kuandikia vibao vya bei, akaongeza: "Sikukubali." Akatia saini, na tarehe.

Bwana Anis aliitazama karatasi kama mtu aliyerudishiwa noti bandia. Dalila akafuata. Suadi akafuata, akaandika "Sikukubali" mara mbili asije akasahauliwa. Thelathini na wanane walipita, hakuna aliyebaki. Kisha kila mtu akaenda mahali pake na milango ikafunguliwa saa nne kamili, ili asipatikane wa kusema waligoma.

Karatasi zile Toufiki alizipeleka chamani, chama kikazipeleka kwa mkaguzi wa kazi, na mkaguzi akawaita wenye duka. Mwanasheria wao alikuja kutoka Tunis na mkoba mzuri. Inasemekana alikisoma kifungu cha kumi na nne, akafunga mkoba, akauliza treni ya kurudi inaondoka saa ngapi. Yule alikuwa katika wale watatu wa kila mia.

Siku mbili kabla ya Idi zikaja karatasi mpya, safari hii kwa lugha yetu, na Bwana Anis akazileta mwenyewe kaunta namba tatu. Monjia alivaa miwani. Kurasa nne. Alizisoma zote, kidole chini ya mstari, wateja wamepanga foleni mpaka kwenye unga na hakuna aliyenung'unika.

"Mama Monjia, nakuomba," Bwana Anis alisema taratibu. "Nina safari ya Tunis, nataka nifuturu na mama yangu."

"Utafika salama, inshallah. Msalimie sana. Lakini ngoja, niko ukurasa wa tatu."

Ukurasa wa tatu ulikuwa na tarehe ya kuanza kazi: ile yake, ya miaka kumi na tisa iliyopita. Aliigusa kwa kidole. Zamu: asubuhi. Neno majaribio halikuwepo popote. Akaandika "Nimesoma na nimekubali", polepole, na foleni nzima ikampigia makofi, bibi mmoja akapiga na vigelegele.

Asubuhi ya Idi, kama watu wote wa Sfax, alikwenda makaburini. Alilinyunyizia maji kaburi la mama yake, akasoma Fatiha, akatazama huku na huku kuona kama kuna anayesikiliza.

"Mama," akasema, "kile kiwanda hakikuungua. Nilitia saini bila kusoma, nikaona haya kukwambia." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Safari hii nimesoma, mama. Neno kwa neno."